Wiki Tatu

"Wiki tatu tu," alisema Nyaguthii,
akinikabidhi mugumo wake juu ya sinia,
mti mzima, kimo chake hakizidi birika.
Binti yake alikuwa amejifungua huko Perth.
"Uongeleshe ukipenda. Mimi huusomea risiti."

Wiki tatu zikazaa miezi minane.
Nami nilikuwa na yangu: zamu za usiku maabara, kodi, jino,
na maji ya Ngara yajayo Jumanne, yakitaka.
Hivyo ndivyo ningejitetea.
Lakini niliupita mti ule mara tatu kwa siku
nikifuata uma, nikifuata chumvi,
nikauona kama mtu aionavyo saa iliyosimama.

Majani yalianguka Juni,
katika baridi ile ya kijivu isiyonyesha wala kuondoka.
Niliyafagia.
Sikujiuliza yametoka wapi.

Kisha ujumbe: "Narudi mwezi ujao, tarehe kumi na mbili.
Kijana wangu hajambo?"
Nikadhani amekosea, mjukuu si yuko naye?
Ndipo nikageuka dirishani.

Nilikwaruza ganda kwa ukucha.
Tawi la juu: kahawia, kavu kama njiti ya kiberiti.
La kati: kahawia.
Chini kabisa, pale shina linapovimba,
kijani.
Mstari tu, upana wa uzi.
Nikakaa sakafuni na viatu vyangu vya kazi.

Musembi, muuza miche karibu na City Park, hakunisuta.
Aliuzungusha mti kama fundi na redio mbovu.
"Usije ukatubu kwa maji," alisema.
"Wengi huua mara ya pili kwa toba."
Akaniuzia changarawe nyepesi na mkaa uliopondwa,
mkasi akanikopesha,
namba yangu akaiandika kiganjani.

Jumanne maji yalipokuja, beseni kwanza, mitungi baadaye.
Nikakizamisha chungu. Viputo vikapanda
kimoja, kimoja, halafu vingi kwa mkupuo,
kama mtu aliyebana pumzi tangu Januari.
Mizizi ilikuwa imejizunguka hata ikachukua umbo la chungu.
Niliifumua kwa mpini wa kijiko.
Iliyooza ilinuka kama kitambaa kilichosahaulika ndooni.
Na waya uliokuwa umezama ganda
sikuung'oa; niliukata pete kwa pete,
ukaacha kovu linalopanda shina kama ngazi.

Mugumo. Ungeachwa porini
ungefunika uwanja wa shule.
Kwao Nyaguthii watu hawakuugusa kwa shoka,
waliuogopa na kuuheshimu.
Mimi sikuhitaji shoka.

Kila asubuhi nikitoka zamu,
kidole udongoni hadi kiungo cha kwanza.
Kuna unyevu? Basi, ondoka.
Sikujua kwamba kuondoka ni kazi.
Mara mbili nilirudi na kikombe,
mara mbili nikayanywa yale maji mwenyewe.

Siku ya kumi na tisa, kwenye kovu,
kitu chekundu, kimefumba, kama ncha ya brashi.
Sikumwambia mtu. Nilichelewa kulala.

Alifika na sanduku moja lisilo gurudumu.
Mti ulikuwa na majani kumi na moja, yote upande mmoja.
"Kichwa kiko wapi?"
Nikampa bahasha. Tawi lile nililiweka,
sijui kwa nini, labda kama ushahidi.
Nikamwambia yote: Juni, ufagio, uma, chumvi.
Hakusema si kitu.

Alivuta stuli, akapekua mkoba,
akatoa karatasi ndogo iliyokunjamana,
akavaa miwani.
"Chai, moja," akausomea mti. "Maji, nusu lita.
Bei yake ni wizi, lakini nilikuwa na kiu."
Akaendelea hadi mstari wa mwisho, hadi kodi,
hadi asante karibu tena.

Halafu, bila kunitazama:
"Kesho si Jumanne?
Kinga na ndoo yangu."